Salamu za Papa Constantin

Lubumbashi, Jumapili tarehe 23 Novemba

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na mama, na kila mtu anayepita uani kwenu kuomba moto au chumvi. Mimi binti yako ni mzima. Kile kikohozi nilichokuandikia mwezi wa kumi kimeniacha. Nakuuliza kwanza habari za goti lako: ngazi za kanisa bado unazipanda bila kushika ukuta? Na matone ya sikio niliyokutumia, yamesaidia, au mama bado anakuita mara tatu ndipo ugeuke? Mama naye, mgongo wake unasemaje tangu aanze kulima? Mdogo wangu Fils anasoma vitabu, au anasoma simu?

Hapa kazini wananicheka kwamba msichana wa siku hizi anaandika barua kwa kalamu na kuzikunja kwenye bahasha. Wachache wanajua kwamba simu kati yangu na wewe ni vita. Mimi nauliza habari za goti, wewe unanijibu bei ya mahindi, na majirani wote wa Kambove wanabaki na siri zetu. Afadhali karatasi. Najua utaisoma hii mara mbili, na mara ya pili utakuwa na kalamu mkononi.

Katika barua uliyompa Bénit, dereva wetu wa njia ya kwenu, umeniuliza jambo moja tu, ukalipigia mstari chini: kwa nini barua yangu ya mwisho haikuwa na salamu za Papa Constantin. Ni kweli. Kwa miaka miwili na nusu, kila barua niliyokutumia ilimalizika na mstari wake, ingawa hamjaonana hata siku moja. Alikuwa akiniona nimeshika bahasha tu, anasema niongeze kwamba Constantin anamsalimia muzee wa Kambove na goti lake. Ulifikiri labda nimesahau. Baba, sikusahau. Nitakueleza yote kwa utaratibu, tangu mwanzo.

Unajua kwamba depo yetu ni ya Patron Musavuli, yule mfanyabiashara kutoka Butembo, na kwamba kamio zake tisa hupeleka unga, sukari na simenti Kasenga, Kipushi, Likasi na kwenu. Papa Constantin ndiye aliyekuwa akizipanga safari hizo. Kwa miaka ishirini na sita yeye ndiye aliyeamua kila asubuhi nani aende wapi, na gari gani, na saa ngapi, na hakuna dereva aliyegusa funguo kabla ya kuzipokea mkononi mwake. Hakuwahi kuandika kitu. Yote yalikuwa kichwani.

Mwaka jana kichwa hicho kilipata malaria. Siku nne nzima kamio zilisimama uani kama ng'ombe waliokosa mchungaji, na wateja wakapiga simu mpaka Patron akazima yake. Ndipo alipomwita Clovis, mtoto wa ndugu yake, aliyesomea uongozi wa kampuni Kampala, awe mkurugenzi wetu. Directeur Clovis si mtu mbaya, baba, nataka ulijue hilo kabla sijaendelea. Alituambia kwamba maarifa yanayokaa ndani ya mtu mmoja yanaweza kuzikwa pamoja naye siku moja, na kwamba kampuni inayotaka kukua lazima iyaandike, iyapange, na kuyapitisha kwa wengine. Nilimsikiliza nikaona anasema yale yale niliyofundishwa chuoni. Nilifurahi hata kupiga makofi.

Mwezi wa tatu alinikabidhi kazi hiyo. Nilipewa miezi sita nikae karibu na Papa Constantin, nimuulize, nimfuate, niandike, kisha nitoe kitabu cha kazi cha kurasa thelathini, kwa Kifaransa, chenye tablo, yaani majedwali, ambazo mtu yeyote mpya angeweza kuzifuata. Mwisho wa mwezi wa tisa Papa Constantin angepumzika. Yeye mwenyewe aliambiwa hivyo mbele yangu. Aliinamisha kichwa, akauliza tu kama nitakuwa nakuja na kiti changu, kwa sababu biro yake, kile chumba cha kazi, ilikuwa na kimoja.

Madereva walinipa jina la Mama Bic, kwa sababu ya kalamu yangu. Chadrack, dereva wa njia ya Kasenga, mwenye kucheka hata akiwa na njaa, alimwonya Papa Constantin mbele ya watu wote: "Papa, chunga! Huyu mutoto atakunyonya bongo na Bic, utabakia na kofia tu." Papa Constantin akajibu bila kuinua macho: "Acha anyonye. Batoto bangu nyumbani banaikataa."

Tulifanya kazi vizuri. Alinifundisha kwamba kamio namba nne haipendi mzigo mzito nyuma, kwamba mteja wetu wa Likasi hafungui duka kabla ya misa ya asubuhi kwisha, na kwamba dereva mwenye wakwe Likasi hapewi safari ya huko siku ya Ijumaa, maana atarudi Jumatatu akisema gari lilikuwa na homa. Hata hilo niliandika, kwa maneno ya adabu. Nilikuwa na kaye, daftari la shule lenye gamba la buluu, na kila alichosema nilikiandika kwa Bic yangu siku ile ile.

Kila asubuhi, kabla ya kutoa funguo, alisimama mlangoni na simu yake ndogo ya vifungo akasalimia watu. Alimsalimia Papa Mukuka, anayeuza chai kwa madereva wanaopanga foleni mpakani Kipushi. Alimsalimia Mama Musonda, anayeuza vitumbua kando ya barabara ya Kasenga, mbele kidogo ya Kasomeno. Salamu zake unazijua, baba, ni kama zako, hazina mwisho. "Yambo mama. Mulilala? Batoto balilala? Ile mbuzi ilizaa? Muzee naye, alishaenda ku shamba? Aa, alishaenda. Aksanti mama, bakia muzuri." Ndipo anarudi ndani, anachukua funguo, anazigawa. Directeur Clovis akipita wakati huo aliangalia saa yake. Mimi pia, siku nyingine, niliangalia yangu.

Kitabu kilikwisha kabla ya wakati. Kilikuwa kizuri, nasema hivyo bila majivuno, na Patron alikipima mkononi kama anayepima mkate. Directeur Clovis aliagiza Papa Constantin atie sahihi kwenye kila ukurasa, ithibitike kwamba ametoa yote anayoyajua. Nilimpelekea. Kifaransa cha kwenye karatasi kinamchosha, na miwani yake ilikuwa na kioo kimoja tu. Nilijitolea kumsomea. Alikataa, akasema: "Kama njo weye uliandika, iko muzuri." Akatia sahihi mara thelathini, polepole, kila jina na mkia wake.

Mwisho wa Septemba tulikunywa Fanta, akapewa saa ya ukutani, akaondoka nayo chini ya kwapa. Barua yangu iliyofuata niliiandika peke yangu bironi. Nilifika mahali pa salamu zake nikaona sina wa kumuuliza, nikakunja karatasi. Hilo ni jibu la swali lako, lakini ni nusu tu.

Kwa wiki sita kitabu kilifanya kazi. Kamio zilitoka saa moja kamili, tena kwa mstari. Directeur Clovis alinisifu mbele ya Patron. Kisha mvua zikaanza.

Jumanne iliyopita Chadrack alipewa funguo saa moja kasoro tano. Kitabu kinasema: pima mafuta, pima matairi, hakikisha hati, ondoka. Yote yalikuwa sawa. Hapa Lubumbashi jua liliwaka. Lakini kule mbele ya Kasomeno mvua ilikuwa imenyesha tangu jioni, na kijito kilichoko pale, ambacho wakati wa kiangazi mbuzi hukiruka, kilikuwa kimekula udongo wa daraja dogo kutoka chini. Juu daraja lilionekana zima. Kamio ilipofika katikati, daraja lilizama upande mmoja, gari likalala majini na mzigo wote. Wanakijiji walimtoa Chadrack kwa dirisha. Mguu wake wa kulia umevunjika mahali pawili. Mungu ni mwema, hakuna aliyekufa. Chadrack mwenyewe, walipomshusha hapa hospitali, aliwaambia madereva wenzake kwamba Patron asisikitike, unga wake umekwisha kuwa bukari, ugali wa kulisha samaki mpaka Kasenga. Alisema hivyo huku machozi yakimtoka kwa maumivu.

Alhamisi tuliitwa kwenye mkutano. Dereva mmoja alisema, kama anayejisemea, kwamba Papa Constantin asingemwachia Chadrack aende siku ile. Directeur Clovis akamgeukia na kumuuliza angejuaje. Dereva akasema hajui, lakini siku za mvua muzee huyo alikuwa anasema tu "ngojeeni," na watu wanangoja. Hapo uso wa Directeur ulibadilika. Alichukua kitabu, akaonyesha sahihi, ukurasa kwa ukurasa. Akasema mtu huyu alithibitisha mara thelathini kwamba ametoa yote, kumbe alibaki na njia yake ya kujua habari za barabara, aliificha kwa makusudi ili tumrudie tukimwomba, na sasa mtu amevunjika. Akasema atapeleka mashitaka kwenye parke, kwa mwendesha mashitaka wa serikali. Patron Musavuli aligusa moja ya zile sahihi kwa kidole. Kisha aliuliza kwa sauti ndogo: "Constantin? Constantin wangu?"

Halafu Directeur akanitazama mimi. Akasema mimi ndiye shahidi, kwa kuwa nilikaa naye miezi sita, na kwamba ataniandikia maelezo ya kuthibitisha kwamba Papa Constantin hakuwahi kuniambia wala kunionyesha jinsi alivyopata habari za barabara. Nitie sahihi Jumatatu saa mbili, mbele ya Patron. Baba, nilitikisa kichwa kukubali. Watu kumi na wawili waliniona nikikitikisa.

Nilipofika nyumbani sikula. Nilitoa ile kaye ya buluu chini ya nguo zangu. Na hapa ndipo penye jambo ambalo sikutaka kukuandikia.

Papa Constantin hakuficha kitu. Salamu zake zote zimo ndani ya kaye yangu. Nilikuwa nikiandika kila kitu, kwa hiyo niliziandika na zenyewe, asubuhi baada ya asubuhi, pamoja na namba za simu za Mama Musonda na za Papa Mukuka, na majibu yao, hata mbuzi. Kisha wakati wa kusafisha kazi, Directeur alipodai kurasa thelathini bila maneno ya bure, nilichukua kalamu nyekundu nikazipiga mstari zote. Pembeni niliandika kwa mkono wangu: "si kazi." Mimi, baba. Hakuna aliyenilazimisha kuchagua zile. Nilikuwa nimesoma, na nilijua kazi inafananaje.

Nilipopitia tena yale majibu kwa utulivu, niliona kitu ambacho sikukiona miezi sita. Kila asubuhi ambayo Mama Musonda alisema mumewe hajaenda shamba, siku hiyo hiyo niliandika chini: kamio ya Kasenga imechelewa, sababu haijulikani. Mara tatu mwezi wa tatu, mara mbili mwezi wa nne. Na siku ambazo Papa Mukuka wa Kipushi alisema yeye mwenyewe hajapata nafasi ya kunywa chai, kamio ya Kipushi ilitoka mchana, foleni ya mpakani ikiwa imepungua.

Ijumaa nilipiga ile namba ya Kasomeno. Nilijitambulisha. Mama Musonda alidhani nampa habari ya msiba, akaanza kulia, akauliza kama Papa Constantin amekufa. Nilipomwambia kwamba anaishi, alinigombeza. Alisema tangu mwezi wa kumi anaweka simu kando ya karai kila asubuhi, anangoja, hakuna anayempigia, akawaza labda amemkosea mtu yule. Nikamuuliza habari za Jumanne. Akanijibu kwamba Jumanne mumewe hakwenda shamba. Shamba lao liko ng'ambo ya kijito. Alifika ukingoni, akachomeka fimbo kando ya daraja, fimbo ikazama, akarudi nyumbani. "Angenipigia tu," aliniambia, "ningemwambia muzee wangu iko hapa, anakula vitumbua byangu bure."

Jana, Jumamosi mchana, nilikwenda Kamalondo nyumbani kwa Papa Constantin. Saa ya ukutani ameitundika sebuleni, lakini haijawekwa betri. Kabla sijafungua mdomo aliniuliza habari zako na za goti. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kaye mkononi: kijito, mguu wa Chadrack, sahihi zake, kalamu yangu nyekundu, kichwa changu kilivyotikisika. Aliomba aone kaye. Aliitazama mistari ile nyekundu kwa kioo kimoja cha miwani, mmoja mmoja, mpaka nikatamani anipige.

Kisha akasema maneno ambayo nayabeba mpaka sasa: "Hata miye sikujua kama ni kazi. Nilizani minasalimia bantu." Alieleza kwamba miaka mingi iliyopita alianza kumpigia mama yule kwa sababu aliwahi kumpa maji ya kunywa gari lilipokufa pale. Jibu la shamba lilikuja lenyewe, na yeye akalizoea kama mtu anavyozoea kuangalia mawingu. Nilipokuwa namuuliza anapangaje safari, hakuona la kuniambia juu ya hilo. Ungemuuliza samaki habari za maji, baba, asingekujibu vizuri zaidi.

Aliniambia nikae kimya. Alisema yeye amekwisha kumaliza, parke imwite tu, ataenda na fimbo yake, lakini mimi bado mtoto na nina mdogo wangu anayesubiri mtihani wa serikali. Mke wake, Mama Jeanne, aliyekuwa akichambua maharagwe, akainua kichwa na kumwambia: "Weye Constantin, nyamaza. Huyu alikuja kusema, umuache aseme."

Kwa hiyo nimefanya hivi, na nakuandikia jinsi nilivyofanya ili usidhani ni hasira ya siku moja. Unanijua tangu utoto, mimi ni mwoga. Nikipewa nafasi ya kurudi nyuma nitaitumia. Kwa sababu hiyo nimeiondoa. Niliandika maelezo yangu mwenyewe, ukurasa mmoja na nusu, kwamba Papa Constantin alitoa yote na kwamba mimi ndiye niliyeyafuta. Nikatia sahihi. Nilikwenda kutoa kopi za kaye nzima, mistari nyekundu ikionekana. Kaye yenyewe nimeirudisha Kamalondo mikononi mwa Mama Jeanne. Kopi moja nimempelekea Chadrack hospitali, maana mguu ni wake na ana haki ya kujua. Aliisoma mpaka mwisho. Nilidhani atanitukana. Akasema Mama Bic ana deni lake la mguu mzima, na kwamba nitalilipa kwa kumwandikia barua mchumba wake mpaka atakapopona. Kisha akageukia ukuta, nami nikatoka. Sijui kama amenisamehe. Kopi ya pili itakuwa mezani kwa Patron kesho saa mbili.

Pamoja nayo nitaweka karatasi nyingine, ukurasa wa thelathini na moja. Nimeuandika leo baada ya misa. Una majina mawili na namba mbili, na maswali ya kuuliza kila asubuhi kabla funguo hazijatoka, kuanzia usingizi wa watoto. Sikuanza na swali la shamba. Nilijaribu kuliweka peke yake juu, nikaona kwamba mtu akimpigia Mama Musonda kumuuliza mto tu, wiki ya pili atachoka kupokea. Chini nimeomba Papa Constantin aitwe asubuhi mbili kwa wiki, akae na atakayechukua nafasi hiyo, yeyote yule. Kopi ya tatu ya yote nimeikunja ndani ya bahasha hii. Uitunze na hati zako za zamani za kazi ya reli.

Barua hii itaondoka na Bénit kesho saa moja asubuhi, yaani saa nzima kabla ya mkutano. Nimepanga hivyo kusudi. Utakapofika mstari huu nitakuwa nimekwisha kusema, na ushauri wako wa kunizuia, kama ungekuwa nao, utakuwa umechelewa. Unisamehe. Huenda utasikia kwamba nimefukuzwa. Huenda parke itaniita mimi badala yake. Naogopa sana, baba. Lakini sitatia sahihi ile karatasi yao. Fils mwambie aendelee kusoma. Ada ya mwaka huu imekwisha kulipwa, na ya mtihani nitaitafuta hata kwa kuuza vitumbua.

Msalimie mama, umwambie asibebe ndoo mbili. Msalimie Mama Émerance wa jirani na wajukuu wake, na katekista, na wote wanaonikumbuka. Mimi nimesimama, na kesho saa mbili nitakuwa bado nimesimama.

Papa Constantin anakusalimia, wewe na goti lako. Anasema ukipata nafasi ya kuja Lubumbashi ufike Kamalondo, nyumba yenye saa isiyotembea.

Na ukinijibu, tafadhali usiandike tu "sisi wazima" kama kawaida yako. Niandikie umepanda ngazi ngapi Jumapili hii, na mama aliamka saa ngapi kwenda shamba. Nitasoma kila neno.

Binti yako anayekuheshimu,

Graciella Mwenze